Wazee wa Mwisho wa Reli

Reli ya Mpanda haikuletwa kwa ajili yetu. Ilifuata madini ya risasi ya Mukwamba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walitandika kilomita 210 za reli kutoka Kaliua, wakakatiza mapori ya mbung'o na mto Ugalla, ili mali ya kampuni ya Uruwira Minerals ipate njia ya kwenda bandarini. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Wenye mgodi wakaondoka, reli ikabaki, na watu walioletwa na reli wakabaki nayo: vibarua wa njia, makarani wa stesheni, wachimbaji, wapishi, watu wa Tabora, Kigoma na Ufipa, wakachanganyika na wenyeji, yaani Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Nilipopata akili, hao ndio waliokuwa wazee wa Mpanda.

Utotoni sikuwahi kumsikia mtu akiuliza nani atamtunza mzee fulani. Lingekuwa tusi. Ardhi ilikuwa tele na mikono ndiyo iliyokuwa haba, kwa hiyo mwenye watoto alikuwa na mali, na yule aliyewagawia watoto hao mahali pa kulima alibaki mkubwa wao mpaka anaingia kaburini. Heshima tuliyowapa wazee haikuwa ya shikamoo peke yake. Ilisimama juu ya mambo ya kula na kuoa. Huwezi kumpuuza mtu atakayekuonyesha mpaka wa shamba lako, atakayekwenda kukuposea, na atakayekutetea barazani siku utakapogombana na jirani.

Babu yangu mzaa mama aliishi upande wa Inyonga na kazi yake ilikuwa asali. Nilipomfahamu magoti yalikuwa yameshamkatalia kupanda miti, lakini mizinga ya magome iliyotundikwa porini ilikuwa yake, na kila mtu alijua ni yake. Wajukuu wakubwa walikwenda kurina usiku na kienge cha moto, wakarudi alfajiri macho yamevimba kwa kuumwa. Debe la kwanza lilitua miguuni pake. Alichovya kidole, akalamba, akanyamaza kidogo, kisha akasema nyuki walikuwa kwenye mtundu au kwenye muyombo, na kama masega mengine yavunwe sasa au yaachwe wiki mbili. Hakuna aliyembishia. Asali ikigawanywa, fungu lake lilitengwa kwanza, na katika fungu hilo alinunua chumvi, sukari, sabuni na shuka. Mizinga ile ilimlipa babu mpaka mwaka aliofariki, wala hakuhitaji kumwomba mtu.

Wenye mishahara pale mjini walikuwa na utaratibu wao. Tangu mwaka 1964 kulikuwa na mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF. Mtu alikatwa kidogo kila mwezi, mwajiri akaongeza, na siku ya kustaafu akapewa fedha yake yote kwa mkupuo, yakawa yameisha. Kwa kijana jambo hilo linavutia. Kwa mzee ni hatari, na niliiona hatari hiyo kwa macho yangu katika kata ya Makanyagio. Mtu alipokea, akaezeka bati, akasomesha, akaweka kilichobaki, na miaka ya 1980 bei zikapanda hata kilichobaki kikawa hakinunui gunia la mahindi. NPF iligeuzwa kuwa NSSF mwaka 1997, ikaanza kulipa pensheni ya kila mwezi. Wazee wangu wengi walikuwa wameshapewa chao na kimeshaisha.

Watu wa reli yaliwakuta makubwa zaidi. Walikuwa waajiriwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984, na kila nchi ikabeba wajibu wa kuwalipa watu wake. Kuanzia hapo wastaafu wa Tanzania walipita ofisi hii na ile, wakafungua kesi, wakaandamana Dar es Salaam na mikongojo yao, na makubaliano ya kuwalipa yakafikiwa mwaka 2005. Hesabu mwenyewe: miaka 28 tangu Jumuiya ife. Mtaani kwetu alikuwapo jirani aliyehifadhi karatasi zake za kazi ndani ya kopo la maziwa, zimefungwa kwa nailoni, na kila tulipofika darasa ambalo mtoto anaweza kusoma Kiingereza alituita kwa zamu tumsomee upya. Zilikuwa karatasi zilezile. Alitaka kuhakikisha hakuna neno lililomponyoka. Hakuufikia mwaka 2005.

Na mkulima je? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka wazi kwamba wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine ni watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao dola yenyewe imeshindwa kuwapa kazi. Tuliimba habari za Azimio shuleni. Wazazi wetu walihamia vijiji vya ujamaa, wakalima tumbaku, wakajenga mabani, wakakesha wakichochea moto ili majani yakauke vizuri na mteuzi asiwashushie daraja. Tumbaku ile ililetea nchi fedha za kigeni. Chama cha msingi kilikata deni la mbolea, kikakata ushuru, kikakata kila kilichokatika. Hakuna aliyekata shilingi moja kwa ajili ya uzee wa yule mkulima. Nchi ilikuwa changa, na wote tuliamini kwamba kijiji chenyewe kingekuwa bima yake.

Sitaki kuipamba zamani hiyo kupita kiasi. Haikuwa njema kwa kila mzee, na hasa haikuwa njema kwa ajuza asiye na mume wala mtoto wa kiume. Mwanamke aliyepuliza moto wa kuni miaka hamsini macho yake huwa mekundu, na katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa macho mekundu yameshaua. Mtoto akifa, ng'ombe wakifa, kidole kilielekezwa kwenye nyumba ya bibi anayeishi peke yake. Mara nyingi nyuma ya neno uchawi kulikuwa na shamba ambalo mtu alilitaka. Ukisikia watu wakisema Waafrika tunatunza wazee wetu kwa asili, waulize habari za bibi hao.

Basi tuje kwenye leo. Mwaka 2012 Mpanda ilipandishwa ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilitukuta watu 564,604. Sensa ya 2022 ikatukuta 1,152,958. Mkoa umeongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi, kwa kasi ambayo mikoa michache sana nchini imeifikia. Wamekuja wafugaji na makundi yao ya ng'ombe, wamekuja wakulima wa mpunga wa Mpimbwe, wamekuja wachimbaji wadogo wa dhahabu, wamekuja watumishi na wafanyabiashara. Barabara ya lami imefika, na meli zimejengewa bandari Karema. Mimi nafurahia mambo haya. Tuliyasubiri muda mrefu, tulipokuwa tukisafiri siku nzima na usiku kucha kwenye behewa lililojaa kufika Tabora.

Lakini angalia yaliyompata mzee. Nguvu yake yote ilitokana na kujulikana na kuwa na ardhi ya kugawa. Mtaa wenye watu wapya nusu haumjui yeye ni nani. Ardhi ameshaiuza, mara nyingi kipande kwa kipande: hiki kulipia matibabu, hiki kumpeleka mjukuu sekondari, hiki kwa sababu mfugaji alikuja na fedha taslimu mkononi na mzee hakuwa ameona noti nyingi hivyo tangu msimu wa tumbaku wa mwisho. Vijana ambao zamani wangengoja kugawiwa shamba wanakwenda machimboni, au wanapanda basi kwenda Dar es Salaam. Siwalaumu. Shamba la kuwagawia halipo. Wanatuma wanachopata kwa simu, elfu kumi, elfu ishirini, na mwezi mwingine hawatumi kwa kuwa nao hawana.

Wanaoachiwa wazee kwa wingi ni watoto. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi iliongoza nchi kwa mimba za utotoni: katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Tulizungumza sana kuhusu wasichana hao, na ilikuwa haki kuwazungumzia. Hatukuuliza watoto waliozaliwa wanalelewa na nani. Nenda kata za Nsemulwa au Kawajense asubuhi uone nani anapika uji. Bibi wa miaka 68 ana wajukuu watano, baba zao hawajulikani waliko, na yeye ndiye anayelima vibarua ili daftari lipatikane. Katika maandishi ya wachumi mtu huyo anaitwa tegemezi. Ukweli wa nyumba ile ni kwamba watu watano wanamtegemea yeye.

Sera hazikukosekana. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Matibabu bure kwa mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo yamo katika sera ya afya. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF umekuwapo tangu mwaka 2013, na nimeona kaya ambazo bila huo zingelala njaa. Sasa mfuate mzee mmoja anayetafuta hayo aliyoandikiwa. Anatakiwa barua ya mtendaji. Mtendaji ni mgeni, anamtaka mwenyekiti wa mtaa amthibitishe. Mwenyekiti naye hamjui. Umri wake hauna cheti. Mama yake alimwambia tu kwamba alizaliwa kabla reli haijafika. Akipata kitambulisho anakwenda hospitali, anakuta dirisha limeandikwa la wazee, anapishwa kweli, anaonwa na daktari kwa adabu, anaandikiwa dawa za presha, kisha anaambiwa dawa hizo zimekwisha, akanunue duka la nje. Yaliyo bure ni mazungumzo na daktari. Dawa, ambayo ndiyo iliyomtoa nyumbani, ana hiari ya kuinunua au kuikosa.

Shangazi yangu alilima tumbaku kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Siku tulipompeleka kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, mashine ilimkataa. Kijana wa mashine akamfuta vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akajaribu dole gumba, akahamia cha shahada, akahamia mkono wa kushoto. Mistari ya vidole ilikuwa imesagika kwa mpini wa jembe na utomvu wa tumbaku. Shangazi akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, mimi sipo?" Kijana yule, Mungu ambariki, alikaa naye mpaka kidole kimoja kikakubali. Wapo wengi wenye mikono kama ile, na fedha na huduma zao siku hizi zinapita kwenye mashine hizo.

Waliokuwa watumishi wa serikali wana afadhali, ingawa nao wamepita katika misukosuko. Neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, limeingia kwenye kila nyumba ya mwalimu. Chukua mwalimu aliyefanya kazi miaka 30 na mshahara wa kukokotolea wa shilingi 1,000,000. Kwa kanuni ya zamani, alipata mkupuo wa milioni 62 na pensheni ya takriban 333,000 kwa mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, yenye mkupuo wa asilimia 33, alipata milioni 30.7 na pensheni ya takriban 416,000. Serikali ilieleza kwamba mifuko isingeweza kuendelea na kanuni ya zamani, na kwamba pensheni kubwa ya kila mwezi humlinda mzee kuliko mkupuo. Kwa niliyoyaona enzi za NPF, hoja ya pili naikubali. Lakini mwalimu wa Mpanda alikuwa amepanga maisha yake juu ya mkupuo ule. Nyumba hakujenga kwa kuwa mshahara haukutosha, alisubiri kustaafu ndipo ajenge. Kumbadilishia hesabu akiwa na miaka 57 ni kumwacha bila nyumba. Katika bajeti ya Juni 2024 asilimia ya mkupuo ilipandishwa ikawa 40 kwa waliokuwa na mkupuo wa asilimia 50 hapo awali, na 35 kwa waliokuwa na wa asilimia 25. Imepunguza maumivu.

Hata hivyo mjadala wote huo wa kikokotoo unawahusu wachache waliokuwa na mshahara. Bibi wa Kawajense hana kikokotoo. Wala hawana wale wazee wa makazi ya zamani ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo, ambao nawafikiria sana. Walitoka Burundi mwaka 1972 wakiwa vijana, wakapewa msitu na jembe, wakaugeuza msitu kuwa mahindi na tumbaku mpaka mkoa mzima ukala jasho lao. Vyeti vya uraia walianza kupewa mwaka 2014. Aliyefika na miaka 20 sasa amepita 70. Ndugu aliowaacha wamekwisha, watoto wametawanyika, na amezeekea mahali alipoambiwa miaka mingi kwamba anapita tu.

Nasikia hoja kwamba suala la wazee ni la Japani na Italia, kwamba sisi ni nchi ya vijana, tujenge kwanza madarasa na wodi za wazazi. Ni kweli wazee wetu ni wachache: sensa ya 2022 ilihesabu karibu milioni 3.5 wenye miaka 60 na zaidi, chini ya sita katika kila watu 100. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuanza sasa. Ujerumani ilipitisha sheria yake ya pensheni ya uzee mwaka 1889, kwa watu wa miaka 70, wakati wazee wake walikuwa wachache, na ilikuwa miaka hiyohiyo Wajerumani walipokuwa wakiitwaa pwani yetu. Lesotho, nchi maskini ya milimani, ilianza kulipa pensheni ya wazee mwaka 2004. Kenya inalipa shilingi zake 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 kupitia Inua Jamii, na Uganda inawalipa waliotimiza 80. Na tusiende mbali: ndugu zetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au alivua samaki, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa hadi 50,000. Hawakuuliza cheti cha umaskini. Waliuliza umri.

Tuweke hesabu mezani. Shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee wote milioni 3.5 ni kama bilioni 840 kwa mwaka. Bajeti ya taifa ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35. Hiyo ni chini ya shilingi mbili katika kila mia, na ukianza na wenye miaka 70 inashuka sana. Shilingi 20,000 haitamnunulia mtu utajiri. Itamnunulia bibi wa Kawajense dawa za presha zinazokosekana dirishani, na daftari za wajukuu, na itamfanya kijana atakayetamani shamba lake afikiri mara mbili kabla ya kumwita mchawi mtu ambaye kila mwezi anaingiza fedha nyumbani.

Babu yangu alikuwa na mizinga. Hakuna sera itakayoirudisha misitu ile wala idadi ile ya watu, na vijana wetu hawatarudi kungoja kugawiwa mashamba yasiyokuwapo. Kuwahimiza waheshimu wazee ni jambo jema, nami nahimiza, lakini heshima isiyo na kitu nyuma yake inachoka haraka kwenye nyumba yenye njaa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wabunge wa Katavi, wa majimbo yote, wa chama chochote. Bajeti ijayo itakaposomwa, simameni muulize pensheni ya wazee wote wa Tanzania Bara inaanza lini, na msikae mpaka mtajiwe mwaka.